Belo limejaa matambara: hivi kisheria nchi haiwezi kukataa mitumba mibovu?

DadaWaMashati

Habari za jioni wakuu. Naomba nieleze kwanza kabla sijauliza maana nisipoeleza mtaniambia niende jukwaa la biashara.

Mi nauza mashati ya kiume soko la Karume hapa Dar, nilikuwepo kabla ya ule moto wa Januari 2022 na baada ya moto nikaanza upya na meza moja. Sasa Jumanne nimefungua belo la kilo 45, mashati mikono mirefu, nimelipa hela ya grade A na aliyeniuzia kaniapia mpaka kwa mama yake. Mnajua belo ukikata mkanda linavyofutuka, kama unga uliozidi hamira, halafu ile harufu ya dawa inakupiga usoni. Juu kabisa mashati kama sita makali, nikasema leo nimelamba dume. Kuanzia la saba ndo balaa. Tumehesabu moja moja na mdogo wangu, mashati 183, na kati ya hayo 58 hayauziki. Sisemi ya bei ya chini, nasema hayauziki hata kwa mia tano. Kola zimeliwa, kwapa zimeoza, moja lina rangi ya ukuta mgongo mzima, lingine limekatwa mkono mmoja tu sijui mwenyewe alikuwa kafungwa POP.

Ya pamba wamechukua mafundi gereji. Ya polyester hata wao hawataki, wanasema hayanyonyi oili. Hayo nimempa kijana wa mkokoteni na elfu tatu juu akayatupe, sijamuuliza anapeleka wapi lakini mvua ikinyesha wote tunaona mto Msimbazi unavyobeba.

Swali langu sasa. Nasikia 2016 Afrika Mashariki ilitaka kuzuia mitumba ikashindikana kwa sababu Marekani walikuja juu. Hivi kweli kuna sheria ya dunia inayosema lazima nchi ipokee nguo za watu? Na haya matambara 58, kwa nini yasiitwe takataka yakarudishwa yalikotoka? Siulizi kishabiki, mi mwenyewe ndo nnakula humo humo. Nataka kuelewa tu.

---

Kubeti Tu

Dada kufungua belo ni sawa na kubeti, leo mkeka umechanika kesho unatiki. Pole lakini. 58 kwa 183 mbona afadhali, mi niliwahi kufungua suruali nikakuta za kike tupu.

---

Sheria Mkononi

Dada swali lako zuri sana na watu wengi wanalichanganya, ngoja nijaribu bila kutumia lugha ya mahakamani.

Kwanza hakuna sheria ya dunia inayomlazimisha mtu kununua. Kilichotokea ni hivi. Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) walikutana Arusha wakakubaliana mitumba ipunguzwe mpaka iishe ndani ya miaka mitatu hivi, ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue. Rwanda ndo ilienda kwa kasi, ushuru wa nguo kuukuu ukapanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50. Yani zaidi ya mara kumi. Nchi zingine nazo zikapandisha lakini kwa adabu adabu.

Machi 2017 kuna chama cha wafanyabiashara wa mitumba na matambara huko Marekani kinaitwa SMART, kikapeleka malalamiko kwa ofisi ya mwakilishi wa biashara wa serikali yao, kwamba wanachama wake watapoteza ajira maelfu. Zingatia hapo, sio serikali iliyoanza, ni chama cha watu wanaofanya biashara kama yako ila wao wako upande wa kufunga belo. Na wakasikilizwa! Mwezi wa sita uchunguzi ukafunguliwa kwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Kenya walishaona moto wakarudi nyuma mapema.

Sasa walitumia sheria gani? Hawakwenda WTO, lile shirika la biashara la dunia, kabisa. Walitumia AGOA, ambayo ni sheria ya Marekani yenyewe ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Ile haikuwa mkataba tuliosaini wawili, ni hisani. Na hisani ina masharti ndani yake, mojawapo ni kwamba nchi inayofaidika iwe inaondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani. Ukipandisha ushuru wa mitumba wanasema umeweka kikwazo, wanachukua hisani yao. Huwezi kumshtaki mtu kwa kukunyima zawadi.

Tanzania na Uganda wakalegeza. Rwanda wakasema hapana, na mwishoni mwa Julai 2018 Trump akasimamisha nguo za Rwanda kuingia bila ushuru. Kwa Rwanda maumivu yalikuwa madogo, nguo walizokuwa wanapeleka kwa AGOA zilikuwa za dola milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Ndo maana waliweza kugoma. Mwenye kidogo cha kupoteza ana sauti, hilo halijaandikwa kwenye kifungu chochote lakini ndo lilivyo.

---

Mtu wa Gikomba

Hapo kwa Kenya wacha niongezee kidogo. Sisi tulikuwa na viwanda vya nguo vya EPZ, yaani vya kuuza nje ya nchi, kule Athi River vinashona jeans na fulana zinaenda Amerika, hiyo ni pesa ya mamia ya mamilioni ya dola na watu maelfu wanalipwa mshahara huko. Kwa hivyo serikali ilikuwa imeshikwa pande zote mbili. Ukifungia mitumba unaumiza mama wa masoko ya Gikomba na Toi hapa Nairobi, na hapo hapo unaweka hatarini msichana anayeshona Athi River. Halafu cheki kichekesho chenyewe, tunashona nguo mpya ziende huko, zikivaliwa zikichoka zinaturudia kwa beli.

Lakini kitu watu wanasahau ni kuwa Kenya ilishawahi kufunga mitumba kabisa. Machi 2020 wakati wa korona serikali ilisema hakuna nguo kuukuu kuingia, sababu ni afya. Ilikaa hivyo mpaka Agosti. Hakuna nchi ilitupeleka kortini. Kwa hivyo dadangu jibu la swali lako ni kuwa inawezekana, shida ni sababu utakayotoa na nani anakasirika.

Hayo matambara yako sisi tunayaita fagia. Ile nguo bora kabisa ni kamera, wateja wa kamera wanakuja saa kumi na moja asubuhi na tochi. Fagia inabaki chini na ikizidi inaishia mtoni, Nairobi River inapita nyuma ya soko pale na ukichimba ukingo kidogo ni nguo juu ya nguo kama keki.

---

Mzee wa Urafiki

Vijana mnaanzia 2016, mnakosea. Anzeni nyuma.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, mimi niliingia pale kijana mdogo. Kulikuwa na Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex Arusha. Pamba inatoka Shinyanga inasokotwa hapa hapa inakuwa khanga. Wakati huo mitumba ilikuwa magendo, watu waliiita kafa Ulaya, yaani mwenye nguo alikufa huko, na mtu mzima kuonekana nayo ilikuwa aibu kidogo. Lakini na mimi niseme ukweli, mwanzoni mwa miaka ya themanini nguo madukani hazikuwepo, kiwanda kilikuwa hakina vipuri wala mafuta, watu walikuwa wanavaa viraka. Alipokuja mzee Mwinyi akasema ruksa, na 1986 tukatia saini ya mkopo na IMF, shirika la fedha la dunia. Soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa meli. Watu walishangilia, na mimi nilinunua koti.

Sasa mnauliza sheria ya dunia. Hakuna kifungu kilichosema Urafiki ife. Kulikuwa na masharti ya mkopo, na masharti ya mkopo hayapelekwi bungeni kujadiliwa mstari kwa mstari. Sio mitumba peke yake iliyoua viwanda, menejimenti zetu nazo zilikuwa za ovyo, lakini aliyekuwa mgonjwa hakupewa hata muda wa kupona.

---

DadaWaMashati

Shikamoo mzee, nimejifunza. Bibi yangu na yeye alikuwa anaita kafa Ulaya, mi nikajua anatania tu.

Sheria Mkononi asante, ila hujanijibu sehemu ya pili. Haya 58 ni taka au ni bidhaa? Maana mi nimeyalipia kama bidhaa na nimelipa tena kuyatupa kama taka. Ushuru bandarini umelipwa kwa kilo, manake hata kola iliyooza imelipiwa ushuru jamani.

---

Bandarini

Hapo naingia mimi, nimefanya kazi za klearing na fowadi, yaani kutoa mizigo bandarini, miaka kumi na mbili.

Kwenye vitabu vya forodha dunia nzima nguo zilizovaliwa ni namba 6309. Matambara ni 6310, namba nyingine kabisa. Ili iwe 6309 nguo ionekane imevaliwa na iwe imekuja kwa wingi, kama kwenye belo au gunia, basi. Hakuna aliyeandika asilimia ngapi iwe nzima. Kontena likija makaratasi yanasema 6309, cheti cha kupuliziwa dawa kipo, nani atafungua mabelo mia tano ahesabu kola? Tunafungua mawili matatu ya mlangoni, na ya mlangoni hayajawahi kuwa mabaya, sijui kwa nini 😂

Kitu pekee ambacho kinakataliwa wazi ni nguo za ndani, hizo TBS, shirika letu la viwango, walipiga marufuku miaka mingi, na bado ukitembea sokoni utaziona zimening'inia.

Kuhusu taka, kuna mkataba unaitwa Basel, wa 1989, unasimamia taka kuvuka mipaka. Kanuni yake kuu ni rahisi, kabla hujapeleka taka kwa mtu umuulize na akubali kwa maandishi. Mwanzoni ilikuwa ni taka za sumu na zile za majumbani tu. Afrika tukaona hautoshi tukatengeneza wa kwetu, Bamako 1991, unaokataza kabisa kuingiza taka za sumu barani. Lakini shati lililochanika sio sumu, kwa hiyo Bamako haukusaidii.

Basel umekuwa ukiongezwa vipande. Plastiki chafu zimeingizwa kuanzia Januari 2021. Taka za vifaa vya umeme zote, hata zisizo na sumu, kuanzia Januari 2025. Yani leo mtu akileta kontena la kompyuta zilizokufa bila ridhaa ya serikali anavunja mkataba. Nguo bado. Kwa hiyo jibu la swali lako, belo likiwa limefungwa ni bidhaa. Likifunguliwa mezani kwako ndo linageuka taka, na hapo mwenye taka ni wewe.

---

Kubeti Tu

Bandarini hiyo sentensi ya mwisho imeniuma na sio mimi niliyenunua

---

Sheria Mkononi

Bandarini kanisaidia. Niongeze kwenye hilo la Basel kwamba Marekani alisaini lakini mpaka leo hajauridhia, na mkataba unakataza wanachama kufanyiana biashara ya taka na asiye mwanachama mpaka wawe na makubaliano maalumu. Sasa piga hesabu, siku nguo chakavu zikiandikwa humo, mtu wa Marekani hawezi kukuletea kontena lenye matambara kirahisi. Unaelewa kwa nini ni vigumu kuandikwa.

Halafu kuna kesi moja naipenda sana, wanaosema WTO hairuhusu kuzuia vitu vilivyotumika waisome. Brazili ilizuia kuingiza matairi yaliyovalishwa ganda jipya, kwa hoja kwamba yale yanaisha haraka, yakiisha yanarundikana, yakirundikana yanashika maji ya mvua, mbu wanazaliana, homa ya dengue. Jumuiya ya Ulaya ikashtaki. Mwaka 2007 jopo la rufaa la WTO likasema hoja ya afya ni halali, na marufuku yenyewe inaweza kuwa ya lazima. Brazili ikaanguka kwa kitu kingine, ilikuwa inaruhusu matairi ya majirani zake wa Mercosur, jumuiya yao ya biashara, na mahakama zake zikawa zinawapa watu vibali vya kuingiza matairi yaliyotumika. Yani walisema mna haki ya kufunga mlango, lakini mkiufunga ufungeni kwa wote.

Kwa hiyo EAC ingesema tunazuia kwa sababu ya taka na mito, sio kwa sababu ya kulinda viwanda, na ikazuia kwa kila mtu, ingekuwa na hoja nzuri. Kosa la 2016 ni kwamba kila kiongozi alisimama akasema tunalinda viwanda. Uliyoyasema kwenye kipaza sauti yanasomwa na upande wa pili. 2023 pia Museveni alisimama Mbale huko Uganda akatangaza mitumba basi, akasema ni nguo za wazungu waliokufa. Ile kafa Ulaya ya mzee! Mitumba soko la Owino Kampala ipo mpaka leo.

Hata hivyo ushindi wa WTO siku hizi una mushkeli, jopo la rufaa limekufa tangu Desemba 2019, Marekani alizuia kuteuliwa kwa majaji wapya, waliokuwepo wakaisha. Anayeshindwa anakata rufaa kwenye chumba kitupu na kesi inalala hapo.

---

Mtu wa Gikomba

Sheria mimi sikubaliani na wewe kwa moja. Unaongea kama marufuku ndiyo suluhisho. Rwanda walipandisha ushuru mpaka ikawa kama wamefunga, nini kilitokea? Nguo zilianza kupita njia za panya kutoka Goma huko Kongo na Uganda, watu wanavaa suruali nne moja juu ya nyingine wanavuka mpaka. Na pale sokoni pengo lilijazwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka China, za polyester, ambazo ukifua mara tano zimeisha. Hiyo nayo si takataka? Tena haijawahi hata kuvaliwa na mtu mwingine.

Mama wa Gikomba anasomesha watoto na hizi beli. Hebu mseme marufuku ya fagia, sio marufuku ya mitumba.

---

Sheria Mkononi

Sijasema marufuku ndo dawa, nimesema haki ya kufunga ipo. Lakini hiyo ya fagia nakubali, na kusema kweli ndo mahali pesa ilipo. Ulaya sasa hivi, tangu Januari 2025, kila nchi mwanachama lazima ikusanye nguo kuukuu peke yake, zisichanganywe na taka za jikoni. Maana yake rundo linaongezeka. Na wamepitisha pia kwamba wanaotengeneza na kuuza nguo walipie ukusanyaji na uchambuaji. Ila ada inabaki kwenye mifuko ya huko huko Ulaya. Shati likishapanda meli, ada haipandi nalo. Yule kijana wa mkokoteni kalipwa na dada, elfu tatu. Kama ningekuwa na kiti kwenye hayo mazungumzo yao ningedai hicho tu, hela ifuate nguo mpaka inapofia.

---

Mswahili wa Sharjah

Assalaam aleikum. Mie nilikuwa nasoma tu lakini hapa mmenigusa. Niko Sharjah, huku Emirati, mwaka wa nne, nafanya kazi ghala la kuchambua mitumba, wengi hapa ni Wahindi na Wapakistani na sisi wa Mombasa na Unguja wachache.

Mnadhani belo linatoka Ulaya mpaka kwenu moja kwa moja. Mengi hayaendi hivyo. Mzigo unakuja hapa umechanganyika, sie tunasimama kwenye mkanda tunachambua, hii ya Ulaya Mashariki, hii ya Afrika, hii ya matambara. Tunakwenda kwa spidi, shati unaliona sekunde mbili tatu, kola, mfuko, tupa. Mwisho wa mwezi ghala likiwa limejaa, na belo la grade A limepungua kilo nane, wallahi huchukuliwa kwenye rundo la chini likajaziwa katikati. Katikati, si juu. Juu na chini panapangwa. Hayo mashati yako sita bibie yalipangwa na mtu, pengine ni mie mwenyewe, unisamehe.

Na likitoka hapa karatasi inasema limetoka Emirati. Kwa hiyo mkisema lirudishwe lilikotoka, litarudishwa hapa, na hapa hakuna aliyelivaa.

---

DadaWaMashati

Jamani. Nimekaa nimecheka mpaka mdogo wangu kauliza kuna nini. Kaka wa Sharjah nimekusamehe lakini kilo nane sio kidogo.

Nimetoka kuangalia karatasi niliyopewa siku nanunua, sijawahi kuisoma mpaka leo. Chini kabisa kwa herufi ndogo wameandika mzigo ukishafunguliwa haurudishwi na hakuna madai. Manake hata aliyeniuzia ananiambia kama Bandarini alivyosema.

---

Bandarini

Hiyo iko kwenye kila karatasi ya mitumba dada, kuanzia huko kwenye magodauni mpaka kwako. Kila mmoja kamsainisha aliyefuata.

---

Mswahili wa Sharjah

Bibie siku nyingine kabla hujakata mkanda lipime tena, halafu libonyeze katikati kwa goti. Likibonyea laini upande mmoja na gumu upande mwengine limejaziwa. Na tazama ile lebo iliyoshonwa kwenye gunia, kuna namba ya mkanda na herufi ya zamu. Piga picha unitumie, nikujuulishe kama ni letu.